Je, Wajua? Kujikubali Ukiwa Kazini, Kuanzia Nansio

Kabla jua halijachomoza, Nansio, makao makuu ya wilaya ya Ukerewe, imeshaamka. Wavuvi wa dagaa wanarudi na mitumbwi, wabeba mizigo wanajipanga kungoja meli ya Mwanza, mama ntilie wanawasha mkaa, wauguzi wanakabidhiana zamu. Kila mmoja ana kazi yake mkononi, na kichwani ana picha yake mwenyewe. Picha hiyo ikiwa mbovu, hata kazi nzuri huonekana duni machoni pa anayeifanya. Leo tunakuletea mambo mafupi mafupi kuhusu picha hiyo: inavyojengeka, inavyoharibika, na jinsi watu wa kisiwa hiki na jirani zao walivyoilinda. Tunaamini jambo moja: kujikubali ni kujijua kwa ukweli, uzuri wako na mapungufu yako, kisha kukataa kupimwa kwa kipimo kisichokuhusu.

MACHO YA WATU

Je, wajua kwamba watu hawakuangalii kama unavyodhani? Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha jaribio lao. Mwanafunzi alivishwa fulana ya kumtia aibu, akaingizwa chumbani walimokaa wenzake. Aliyeivaa alikisia kwamba karibu nusu yao wameiona. Waliokuwa wameiona kweli walikuwa kama robo tu. Kwa hiyo lile doa kwenye sare yako, au lile neno ulilokosea kwenye kikao, wengi halikuwapitia hata machoni. Walikuwa wanawaza madoa yao.

Je, wajua kwa nini picha ya kitambulisho cha kazi hukuchukiza? Uso unaouzoea ni ule wa kwenye kioo, ambao kulia na kushoto vimebadilishana. Kamera hukuonyesha kama wengine wanavyokuona. Utafiti wa mwaka 1977 uliofanyika Marekani ulionyesha kwamba mtu hupenda zaidi picha yake iliyogeuzwa kama kioo, ilhali rafiki zake hupenda ile ya kawaida. Maana yake, ile picha unayoionea haya ndiyo sura ambayo wanaokupenda wameizoea na kuipenda.

Je, wajua kwa nini sauti yako kwenye ujumbe wa WhatsApp huonekana si yako? Unapozungumza unajisikia kwa njia mbili: kupitia hewa na kupitia mifupa ya kichwa. Mifupa huongeza uzito wa sauti. Simu hunasa ile ya hewani tu, ndiyo maana sauti yako inasikika nyembamba. Sauti yako haina kasoro yoyote.

Je, wajua kwamba kujilinganisha ni tabia ya kila binadamu? Mwanasaikolojia Leon Festinger aliieleza mwaka 1954: pasipo kipimo cha wazi, mtu hujipima kwa kumtazama mwenzake. Shida huanza pale anapochagua wa kujipimia. Fundi cherehani wa Nansio anayejilinganisha na picha za wabunifu wa mavazi wa mijini kwenye simu hawezi kushinda, maana anaweka siku yake nzima, pamoja na uzi uliokatika na mteja asiyelipa, mbele ya dakika moja nzuri ya mtu mwingine.

Je, wajua kwamba wa tatu anaweza kufurahi kuliko wa pili? Watafiti walichunguza nyuso za washindi wa Olimpiki ya Barcelona ya 1992. Wenye shaba walionekana na furaha kuliko wenye fedha. Wa fedha aliwaza dhahabu iliyomponyoka. Wa shaba aliwaza jinsi alivyoponea kutoka mikono mitupu. Matokeo yako kazini ni yaleyale, ila furaha yako hutegemea unayaangalia kutoka upande gani.

KISIWA CHA WAANDISHI

Je, wajua kwamba Ukerewe, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 530, ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya Ziwa Victoria? Na kimetoa waandishi watatu wakubwa: Aniceti Kitereza, Euphrase Kezilahabi na Gabriel Ruhumbika. Mtoto wa Ukerewe anayeambiwa kwamba ametoka "kisiwani huko" na asitegemee makubwa, na aambiwe pia majina haya matatu.

Je, wajua kwamba Kitereza alingoja miaka 35 kitabu chake kichapishwe? Alizaliwa mwaka 1896. Alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Wachapishaji hawakuitaka, kwa kuwa wasomaji wa Kikerewe ni wachache. Hakuitupa wala hakuibadilisha iwe hadithi ya watu wengine. Uzeeni alikaa akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi. Kazi yake ilikuwa na thamani ileile mwaka 1945 kama mwaka 1980. Kilichochelewa ni watu kuiona.

Je, wajua riwaya hiyo inahusu nini? Mke na mume wasiopata mtoto, katika jamii inayompima mtu kwa uzazi. Ndugu wanasema, majirani wanasema, lakini Myombekere hamwachi Bugonoka, na Bugonoka hajioni takataka. Watoto wanakuja baadaye, lakini heshima kati yao ilikuwepo kabla ya watoto hao. Mfanyakazi yeyote anayeulizwa kila Jumatatu "unaoa lini?" au "unazaa lini?" atajiona humo.

Je, wajua kwamba Kezilahabi aliambiwa mashairi yake si mashairi? Alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944. Mwaka 1974 alitoa diwani ya Kichomi, yenye mashairi huru yasiyofuata vina na mizani. Washairi wa mapokeo walimpinga vikali. Yeye aliendelea: Karibu Ndani ikafuata mwaka 1988, Dhifa mwaka 2008. Alifariki Januari 2020, na leo mashairi huru yanafundishwa madarasani. Hakuwatukana waliompinga, alijibu kwa kuandika vingine.

Je, wajua kwamba riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika ya mwaka 1971, ilizuiwa shuleni, kisha baadaye ikasomeshwa? Humo binti wa Namagondo analelewa na baba mkali kupita kiasi. Anakua bila kujijua wala kujiamini, na maisha yanamshinda. Kezilahabi aliona mapema kwamba anayevunjwa moyo nyumbani huenda na majeraha hayo mpaka chuoni na kazini.

Je, wajua kwamba Ruhumbika, aliyezaliwa mwaka 1938, ndiye aliyempeleka Kitereza kwa wasomaji wa Kiingereza? Tafsiri yake ilitoka mwaka 2002. Msomi aliyefundisha ughaibuni alitumia nguvu zake kuinua kazi ya mzee wa kisiwani kwao. Mtu anayejikubali hapungukiwi kitu anapomsifu mwenzake.

NGOZI NA JUA

Je, wajua kwamba nchini Tanzania inakadiriwa mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino? Ulaya na Amerika Kaskazini makadirio ni 1 kati ya 17,000 hadi 20,000. Ukerewe kuna familia nyingi zenye ndugu wenye ualbino, kwa hiyo suala la kukubali ngozi yako hapa ni la kila siku: ni la mwenye duka, la mwanafunzi, la karani.

Je, wajua ualbino hutokeaje? Mtoto hurithi jeni kutoka kwa wazazi wote wawili, na wazazi hao huwa hawana dalili yoyote. Wazazi wote wakiwa na jeni hiyo, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4. Hakuna laana, na mama hana kosa. Baba anayemkimbia mkewe kwa sababu hiyo anakimbia jeni ambayo na yeye anayo.

Je, wajua kwamba mfanyakazi mwenye ualbino huweza kuonekana mzembe kumbe haoni vizuri? Ualbino huathiri macho. Miwani husaidia lakini mara nyingi haimalizi tatizo, na mwanga mkali huumiza. Msaada wake ni rahisi: meza isiyotazamana na dirisha, maandishi makubwa, kiti cha mbele kikaoni. Mtu aliyeambiwa miaka kumi kwamba "hajitumi" anaweza kuanza kung'aa kwa sababu meza imegeuzwa.

Je, wajua jinsi ya kujikinga na jua la ziwani? Paka mafuta ya kukinga jua dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka. Usiishie usoni: masikio, shingo kwa nyuma na migongo ya mikono ndivyo husahaulika. Rudia kila baada ya saa mbili hivi, hasa ukitoa jasho. Vaa kofia yenye ukingo mpana kuzunguka kichwa chote, kwa maana kapelo huacha masikio na shingo wazi. Vaa mikono mirefu yenye kitambaa kizito. Na maji na mchanga mweupe hurudisha mwale juu, kwa hiyo mwaloni hata kivulini bado jua linakufikia.

Je, wajua kwamba Tanzania inatengeneza mafuta hayo? Yanaitwa Kilisun. Yanatengenezwa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, mahususi kwa watu wenye ualbino, nao hupewa bure kupitia kliniki. Saratani ya ngozi imewaua wengi wakiwa bado vijana, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ingezuilika.

Je, wajua mkorogo hufanya nini? Krimu nyingi za kujichubua zina zebaki au haidrokwinoni. Zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuleta madoa meusi yasiyotoka. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa 2013 ulipanga vipodozi vya zebaki viondolewe sokoni ifikapo 2020. Tafakari hili: kwenye benchi moja la meli ya Mwanza anaweza kukaa dada anayelipa fedha kuiondoa melanini yake, yaani rangi asilia ya ngozi, na pembeni yake kijana anayejificha jua kwa kuwa hana melanini hiyo. Yule dada ana ulinzi ambao mwenzake anautafuta kwenye chupa. Amedanganywa kwamba ngozi yake ina kasoro, na uongo huo ameuziwa kwa bei.

Je, wajua kwamba Ukerewe imo kwenye filamu maarufu kuhusu ualbino? In the Shadow of the Sun, ya Harry Freeland, ilitoka mwaka 2012 baada ya miaka kadhaa ya kurekodi. Inamfuata mwanaharakati Josephat Torner, aliyezunguka nchini kuzungumza ana kwa ana na jamii zilizokuwa zikiwaogopa watu kama yeye, pamoja na kijana wa Ukerewe aliyetaka tu kupata nafasi ya kusoma.

Je, wajua kwamba kundi la watu wenye ualbino wa Ukerewe walitoa albamu iliyosikika duniani? Ni Tanzania Albinism Collective, na albamu yao White African Power ilitoka mwaka 2017, ikirekodiwa na mtayarishaji Ian Brennan kwa msaada wa shirika la Standing Voice. Wengi wao hawakuwa waimbaji. Walitunga wenyewe, kwa lugha zao, kuhusu upweke na dharau waliyopitia. Waliozoea kunyamazishwa wakasikilizwa.

Je, wajua majina haya? Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge mwaka 2008. Salum Khalfan Barwany alichaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini mwaka 2010. Dkt. Abdallah Possi aliteuliwa naibu waziri mwaka 2015, baadaye akawa balozi Ujerumani. Kenya, Mumbi Ngugi aliapishwa jaji wa Mahakama Kuu mwaka 2011, na mwaka 2021 akapanda Mahakama ya Rufani. Wote wana ualbino, na wote walifika kwa kazi. Mwalimu mwenye mwanafunzi mwenye ualbino darasani, mtajie.

KAZI NA THAMANI YAKO

Je, wajua kwamba kwa uzito, dagaa ndio wanaovuliwa kwa wingi zaidi Ziwa Victoria, kuliko sangara na sato? Dagaa mmoja hafiki sentimita 10. Huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na asubuhi akina mama huwamwaga juani, wakawatandaza, wakawageuza mara kwa mara, wakikimbizana na wingu la mvua. Mvua ikiwakuta, mzigo mzima unashuka bei. Ukimsikia mtu kazini anasema "mimi ni dagaa tu hapa," mkumbushe ni nani anayelisha watu kwenye ziwa hili.

Je, wajua kwamba wafagiaji wa hospitali walibadilisha kazi yao bila kubadilishiwa cheo? Amy Wrzesniewski na Jane Dutton wa Marekani waliandika mwaka 2001 kuhusu wafagiaji wa hospitali. Wengine walihesabu vyumba tu. Wengine walijiona ni sehemu ya uponyaji: waliwasalimia wagonjwa, wakawasaidia wageni waliopotea, wakapanga usafi wao usimsumbue aliyelala. Mshahara ni uleule, lakini wa kundi la pili waliipenda kazi yao na kuiona ina maana. Mhudumu wa wodi anayesoma hapa, mgonjwa anakukumbuka.

Je, wajua kwamba hofu ya "siku moja watagundua sijui kitu" ilichunguzwa tangu 1978? Wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliikuta kwa wanawake waliofanikiwa sana, wenye shahada na vyeo, ambao bado waliamini wamefika kwa bahati. Mwalimu mpya, ofisa mpya, muuguzi aliyepandishwa: hofu hiyo haithibitishi kwamba hufai. Mara nyingi huwapata wanaojali kazi yao.

Je, wajua kwamba kujisifu kwenye kioo kunaweza kukuumiza? Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake wa Kanada waliwaomba watu warudierudie kwamba wao ni watu wa kupendwa. Waliojiamini tangu mwanzo walinufaika kidogo. Waliojiona duni walijisikia vibaya zaidi, maana moyo ulibisha kila neno. Ukiwa chini, jiambie ukweli mdogo unaoweza kuusimamia: "Leo nimefungua duka kwa wakati." Na aliyejaa sifa ajihadhari pia, mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Je, wajua kwamba kujihurumia hakuleti uvivu? Watafiti Juliana Breines na Serena Chen waliwapa wanafunzi mtihani mgumu ili washindwe. Walioelekezwa kujitazama kwa huruma baada ya kushindwa walijisomea muda mrefu zaidi kwa ajili ya mtihani wa pili kuliko wale waliopandishwa sifa. Utafiti ulitoka mwaka 2012. Anayejipiga mijeledi hutumia nguvu zake kwenye mijeledi; kujikwaa si kuanguka.

Je, wajua kwamba kujiita jina lako hutuliza moyo? Mtafiti Ethan Kross na wenzake waligundua, mwaka 2014, kwamba waliojizungumzia kwa jina lao kabla ya kuhutubia walipunguza wasiwasi na kufanya vizuri zaidi kuliko waliosema "mimi". Kabla ya kuingia kwa bosi, jiulize kama ambavyo dada mkubwa angekuuliza: "Neema, unaogopa nini hasa?"

Je, wajua kwamba sonona na wasiwasi huigharimu dunia siku za kazi bilioni 12 kila mwaka? Hayo ni makadirio ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani. Ndiyo maana Siku ya Afya ya Akili Duniani, 10 Oktoba, mwaka 2024 ilihusu afya ya akili kazini. Huzuni ikikushika wiki mbili mfululizo, usingizi ukapotea na kazi ikakushinda, huo si udhaifu wa tabia. Nenda kituo cha afya. Kanda ya Ziwa, Hospitali ya Bugando jijini Mwanza ina huduma za afya ya akili.

Je, wajua kwamba sheria iko upande wako? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kama rangi, kabila, jinsia, ujauzito, ulemavu na hali ya maisha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Kujikubali hakumaanishi kunyamaza unapoonewa. Anayejua thamani yake hudai haki yake kwa sauti ya kawaida.

KUANZIA KESHO

Je, wajua unaweza kuanza na nini? Andika kila jioni jambo moja ulilolifanya sawasawa, dogo lakini la kweli. Ukikosea, rekebisha kosa, mwombe radhi uliyemkosea, kisha lifunge. Acha kufuatilia ukurasa wowote wa simu unaokuacha ukijichukia. Usimwite mwenzako kwa rangi yake, mwili wake au kabila lake, hata kwa utani, maana hujui utani huo unamuumiza vipi.

Na wewe uliye bosi, je, wajua unashika nusu ya kazi hii? Onya faraghani, sifu hadharani, na sifa iwe ya jambo mahususi: "Hesabu zako za juzi zilituokoa" hujenga kuliko "uko vizuri". Muulize mfanyakazi mwenye ualbino anataka kukaa wapi. Mpe mfagiaji nafasi ya kuzungumza kikaoni. Tarehe 13 Juni, Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2014, usiishie kwenye fulana na maandamano: ajiri mtu, na umlipe sawa na wenzake.